Hadithi Iliyotoka Ghalani

Ghala lenyewe lilikuwa la pamba. Nililijua tangu nikiwa mpokea simu wa kiwanda, wakati marobota yanapangwa mpaka karibu na mabati na vumbi la nyuzi linakuingia puani, unarudi nyumbani Igogo bado unapiga chafya. Kisha kiwanda kikauzwa. Tuliambiwa mwekezaji anakuja, tukaambiwa tusubiri, halafu tukaambiwa tusisubiri tena. Mimi nikaenda soko la Mlango Mmoja kuuza nguo za mitumba. Rafiki yangu, aliyekuwa anaongoza kikundi cha utamaduni cha kiwanda, akabaki na ngoma ambazo hakuna aliyezitaka na mwili uliozoea kutazamwa.

Huyo rafiki tulianza kazi naye wiki moja. Ndiye aliyekuwa msimamizi wangu siku ya harusi. Mume wangu alipofariki, alilala na mimi mkekani mpaka matanga yakaondolewa, akinilisha uji kwa kijiko kama mtoto, na nilipoutema hakukasirika. Nasema haya mapema ili ieleweke nilikuwa na mtu wa namna gani. Sikuwa na ndugu wa kike. Nilikuwa na yeye.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi. Kambi zilikuwa mbali, upande wa Ngara, lakini watu walipenya wakafika mjini kwa namna walivyoweza. Ungewaona Kirumba wakibeba magunia ya dagaa, ungewasikia sokoni wakiuliza bei kwa sauti ya chini. Wengine waliwaogopa, wengine waliwatukana kwamba wameleta wizi na kupandisha kodi za vyumba. Rafiki yangu alikuja kwangu siku moja akiwa amejaa wazo.

"Lile ghala liko tupu," alisema. "Nimeongea na yule mzee Mhindi wa vitambaa, ndiye analipanga sasa. Anatupa Jumamosi zote. Tuwaite hawa wageni, tupige ngoma, tusuke, tunywe chai. Watu wamekaa na mambo kifuani, mwenzangu. Wataoza."

Nilimpenda sana siku ile. Nilikuwa nimechoka kuona mji wetu unakuwa mji wa kuuza na kununua tu.

Katika vyumba vyangu vya uani nilikuwa nimempangisha Mrundi na mkewe na watoto wao wawili. Mume alikuwa mpole, mrefu, anabeba mizigo Kirumba. Alikuwa amekimbia kabla ya familia yake, kwa sababu vijana wa kiume ndio waliokuwa wakitafutwa kwanza, na mkewe alimfuata miezi baadaye akiwa na watoto. Mke aliongea Kiswahili cha Bujumbura, chepesi na cha haraka, lakini hakukitumia. Alifua, alipika, alifagia uwanja mpaka mawe yakang'aa, kisha akaingia ndani na kufunga mlango, jua likiwa bado liko juu.

Nilimwendea mara nyingi kumwambia habari za Jumamosi. Alikuwa ananijibu kwa adabu, "Asante, mama mwenye nyumba, siku nyingine." Siku moja nikamkuta amekaa chini amemkumbatia mtoto mdogo kwa nguvu kiasi kwamba mtoto analia. Nikamtoa mtoto taratibu, nikamwambia, "Twende tu ukakae. Usiseme kitu, usicheze. Nitakuwa pembeni yako."

"Utakaa pembeni yangu kweli?"

"Kweli."

Hivyo ndivyo alivyokuja.

Sijui niwaelezeje zile Jumamosi bila kuzipamba. Zilikuwa nzuri. Mlangoni unavua viatu. Wanaume walikaa nje kwenye kivuli cha ukuta, wanachonga miiko na kuwamba ngoma, na yule mpangaji wangu akawa mwalimu wao, kwa maana kumbe kwao alizaliwa katika ukoo wa wapiga ngoma. Alipopiga, vijana wa Kisukuma waliojifanya wanajua kila kitu walinyamaza. Ndani tulikuwa wanawake. Tulisuka vikapu, sisi kwa mtindo wetu na wao kwa wao, tukaonyeshana. Nesi mmoja mstaafu alitufundisha kukandana miguu kwa mafuta ya nazi, mkubwa kwa mdogo, mwenyeji kwa mgeni. Ni jambo la ajabu kushika unyayo wa mtu aliyetembea kutoka nchi nyingine. Mwanzoni walicheka kwa aibu, baadaye wengine walilala usingizi palepale, midomo wazi.

Mwisho, kabla ya chai, tulikaa duara. Anayetaka kusema anasema, asiyetaka ananyamaza, na hakuna anayemuuliza mwenzake swali. Rafiki yangu ndiye aliyeweka sharti, na aliliweka kwa sauti yake ile ya jukwaani, akimwangalia kila mmoja usoni: "Linalosemwa ndani ya mabati haya halitoki. Hata kwa mume, hata kwa padri." Tukalikubali wote.

Mpangaji wangu wa kike alikaa wiki nyingi bila kusema neno. Alisuka tu. Halafu Jumamosi moja, mvua inapiga juu ya mabati na tunalazimika kusogeleana ili tusikilizane, akaanza.

Alisema walipokimbia walikuwa wanne: yeye, watoto, na mama mkwe wake. Yule mama alikuwa mzee, miguu imevimba, na alikataa kabisa kumwacha kuku wake. Alikuwa kuku mweupe asiye na mkia, amemtia kwenye kikapu anampakata kifuani, anaongea naye njiani kama anaongea na mjukuu. Walifika mahali vijana wameziba barabara kwa magogo. Walikuwa wanauliza kila mtu ametoka wapi, yuko na nani, na wanayemshuku wanamtoa barabarani pamoja na wenzake. Kijana mmoja akamwonyesha yule mama mkwe, aliyekuwa nyuma kidogo, akauliza, "Yule ni wenu?" Na huyu mwanamke, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akajibu, "Simfahamu."

Wakampitisha. Alisikia kuku analia nyuma yake. Hakugeuka.

"Mama alinisikia," alisema. "Alikuwa karibu. Alinisikia nikisema simfahamu, na hakunikanusha. Angeweza kuniita. Alikaa kimya ili tupite." Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata mvua karibu iizime, "Baba watoto hajui. Nilimwambia mama yake aliugua njiani, tukamzika."

Nilikuwa nimemshika mkono, na upande wake wa pili alikuwa rafiki yangu, naye amemshika ule mwingine, machozi yanamdondoka hadi kwenye kanga. Nilimwamini kwa machozi yale. Nadhani hata leo ninaamini yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo panaponiuma.

Baada ya siku ile mwanamke yule alibadilika. Simaanishi alipona, sina hakika kama mtu anapona. Lakini aliacha mlango wazi mchana. Akaanza kuimba wakati anafua. Akawa ananiita "dada" badala ya mama mwenye nyumba, na jioni tulikaa wote kibarazani tukichambua mchele, tukisemana habari za watoto na bei ya mafuta ya taa.

Miezi michache baadaye rafiki yangu akasema kuna wageni wanakuja, watu wa mashirika na wakubwa wa mji, wanataka kuona kazi yetu. Itakuwa sherehe ya kuwakaribisha wakimbizi rasmi, kwenye ukumbi mkubwa Nyamagana. Kutakuwa na ngoma, maonyesho ya vikapu na igizo fupi. Mpangaji wangu wa kiume ndiye angeongoza ngoma.

"Igizo la nini?" nilimuuliza.

"La safari," alisema. "La watu kukimbia na kupokelewa. Sitakwambia zaidi, nataka siku ile ushangae."

Waigizaji walikuwa wenzake wa zamani wa kikundi cha kiwanda, na walifanyia mazoezi shuleni, jioni, wakati mimi bado niko sokoni nafunga marobota yangu. Wapiga ngoma walifanya mazoezi yao ghalani. Walifundishwa tu waanze wapi na wanyamaze wapi.

Siku ya sherehe ilikuwa Jumapili mchana. Tulivaa vizuri. Nilimchagulia mpangaji wangu gauni la kijani kutoka kwenye mitumba yangu, nikalipunguza kiunoni, na watoto tuliwapaka mafuta mpaka wakateleza. Ukumbi ulijaa. Wenyeji walikuja, na wakimbizi walikuja kwa wingi kuliko nilivyotegemea, hata wale waliokuwa wanajificha, kwa sababu waliambiwa ni siku yao. Tukapewa viti vya mbele. Mumewe alikuwa jukwaani pembeni, nyuma ya ngoma kubwa, amevaa kitambaa chekundu begani, na alipoipiga ile ngoma mara ya kwanza mkewe alicheka kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Kisha igizo likaanza. Rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyecheza mwanamke anayekimbia. Alikuwa na mwanasesere mgongoni. Nyuma yake alikuja mwigizaji mwingine, amejikunja kama bibi kizee, amepakata kikapu, na ndani ya kikapu kuna kuku.

Kuku wa kweli. Mweupe. Walikuwa wamemng'oa mkia.

Watu wakacheka. Yule bibi alikuwa anamsemesha kuku kwa Kisukuma, anamwambia, "Usiniache, mume wangu," na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nilihisi mkono wa mpangaji wangu, aliyekaa pembeni yangu, umekuwa baridi. Sikuthubutu kumtazama. Nilikuwa najisemea moyoni, ataishia hapo. Amechukua kuku tu. Hawezi kwenda zaidi ya hapo.

Wakafika kwenye magogo. Kijana akauliza, "Yule ni wenu?" Na rafiki yangu, aliyekuwa amemshika mkono yule mwanamke ghalani, akageuka polepole kuelekea kwetu watazamaji, akaacha kimya kirefu alichokuwa anakijua vizuri tangu siku zake za jukwaani, akasema, "Simfahamu."

Hapo wapiga ngoma walitakiwa kuingia. Hawakuingia. Vijana walikuwa wanamtazama kiongozi wao, na yeye amesimama na fimbo zake hewani, anamtazama kuku. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni yeye aliyemsukia mama yake kikapu kile cha kumbebea kuku, kabla hajakimbia. Alikuwa anamjua kuku yule kama unavyomjua mtu wa nyumbani.

Alishusha fimbo. Akaziweka juu ya ngoma, moja pembeni ya nyingine, taratibu. Kisha akamtafuta mkewe kwa macho katika viti vya mbele. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anauliza. Na mkewe akainamisha kichwa, na kwa kuinamisha kichwa akawa amejibu mbele ya mji mzima.

Watazamaji walidhani ndivyo igizo lilivyopangwa. Walipiga makofi sana. Mgeni mmoja wa mstari wetu alikuwa anafuta macho kwa leso.

Nilimkuta mpangaji wangu nje, kwenye ngazi za ukumbi, anawafunga watoto viatu ingawa vilikuwa vimefungwa. Nikainama pembeni yake. Hakuniangalia.

"Ulijua?" aliuliza.

"Sikujua. Naapa."

"Ni rafiki yako."

"Ni rafiki yangu, lakini sikujua."

"Uliniambia utakaa pembeni yangu," alisema. "Na leo umekaa." Akamnyanyua mtoto, akaondoka kwa miguu kurudi Igogo. Mumewe alikuwa ameshatangulia peke yake.

Asubuhi yake nilikwenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta anakunywa chai, bado amechangamka, sherehe ilikuwa imesifiwa na wageni walikuwa wamezungumzia kulipeleka igizo Dar es Salaam. Alinikaribisha kiti. Nikabaki nimesimama.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

Alielewa mara moja, wala hakujifanya. "Nilibadilisha," alisema. "Sikumtaja. Hata mama mkwe nimemfanya jirani. Nani angejua?"

"Mumewe alikuwepo. Wewe ndiye uliyemweka jukwaani."

"Nilidhani bila mama mkwe hatatambua."

"Na kuku?"

Akashika kikombe chake kwa mikono miwili. "Nilijaribu bila kuku," alisema. "Nakwambia kweli, nilijaribu. Igizo lilikuwa limekufa. Kuku ndiye aliyelibeba."

"Uliweka sharti wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

"Sikia, mwenzangu. Hadithi ile ikikaa ghalani inasaidia nani? Sisi wanawake kumi na tano tunaolia? Jana watu waliokuwa wanawaita hawa wageni wezi wametoka mle ukumbini wanalia. Umewaona? Wamewaona kuwa ni watu. Wewe ulitaka nini, tuendelee kukandana miguu?"

Alikuwa na maneno mengi, siku zote alikuwa nayo. Nilichokuwa nacho mimi ni picha ya mkono wake juu ya mkono wa yule mwanamke wakati mvua inanyesha, na wazo ambalo halikunitoka tena: kwamba wakati ule machozi yanamdondoka, sehemu yake nyingine ilikuwa imekaa wima, inasikiliza, inachagua. Nikajiuliza alipokuwa ananilisha uji kwenye msiba wangu, alichagua nini. Ni wazo baya. Pengine simtendei haki. Lakini mtu akishakutia wazo kama hilo, hata kumbukumbu zako za nyuma anakuwa amezigusa.

Nilimwambia, "Usinifuate nyumbani." Sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo.

Uani kwangu hakukuwa na ugomvi wala kupigana. Ingekuwa afadhali. Mume alikuwa anarudi jioni, anakula, anakaa nje ameegemea jiwe. Mara moja, nikiwa jikoni na dirisha liko wazi, nilimsikia anamuuliza mkewe, "Alikuwa amevaa nini?" Mke akamweleza. Akauliza, "Miguu ilikuwa inamuuma sana?" Akamweleza. Hakuuliza lile moja la pale kwenye magogo. Baada ya siku kadhaa akahamia Kirumba kulala na wabeba mizigo wenzake, na baadaye tukasikia amevuka ziwa kwenda Sengerema kulima mashamba ya watu.

Mke alibaki kwangu akaishi kama mwanzo, mlango umefungwa. Nikawa tena mama mwenye nyumba. Wakimbizi wengine nao walikuwa wamelitambua igizo ni la nani. Baadhi walimhukumu, wengine walimhurumia, na sidhani kama yeye aliona tofauti. Jumamosi zilififia. Wanawake walikuja wachache, wakasuka, lakini duara halikukaliwa tena. Ikifika zamu ya duara kila mtu anakumbuka ameacha maharage jikoni. Mzee wa vitambaa akalikodisha ghala kwa watu wa kuhifadhi samaki. Igizo lilienda Dar, na baadaye likaenda Ulaya, na rafiki yangu akapanda nalo ndege.

Asubuhi moja nilimkuta mpangaji wangu amefunga vitu. Alisema anakwenda Sengerema. Mumewe amemtumia ujumbe, amesema watoto waje, na yeye akitaka aje. Nilimwambia nitamsindikiza mpaka kivuko cha Busisi.

"Usisumbuke," alisema.

"Nataka kukuaga vizuri."

Akasimama na mzigo kichwani. "Unajua kwa nini nilisema siku ile?" aliniuliza. "Wengi walisema kabla yangu nikanyamaza. Nilisema kwa sababu ulikuwa umenishika mkono." Hakusema kwa ukali. Kisha akawaamuru watoto waniamkie, wakaniambia shikamoo kwa pamoja, na wakashuka mteremko katikati ya mawe.

Nilikaa miaka bila kuwatafuta. Kisha ndugu wa marehemu mume wangu alilazwa hospitali ya Sengerema, nikavuka kumwona, na baada ya kumwona nikaulizia. Walikuwa wanakaa nje kidogo ya mji, nyumba ya udongo, migomba imeota vizuri. Walikuwa wote wawili. Mume alinisalimu kwa heshima akarudi shambani. Mke alinitolea kigoda uani, akanipa maji ya kunawa, akanipikia ndizi na samaki, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Aliniuliza habari za Igogo, za biashara, za afya. Nilimuuliza za watoto. Kila nilichouliza alinijibu. Alinichagulia kipande kikubwa cha samaki. Lakini hakukaa karibu kiasi cha kugusana, na nilipojaribu kusema, "Dada, siku ile mimi..." alinyanyuka akasema, "Nikuongeze mchuzi, mama?" Nikasema asante. Akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama pale mpaka gari lilipokuja, kama unavyomfanyia mgeni anayestahili.

Sikuwa nimefanya kosa, na nilitendewa vizuri, na nililia njia nzima mpaka kwenye kivuko.

Rafiki yangu tulikutana tena kwenye msiba wa mfanyakazi mwenzetu wa zamani. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka nywele, wasichana wa kikundi chake kipya wamemzunguka. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba na wanawake wengine, tunapika wali wa waombolezaji. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akainama kunifikia usoni.

"Bado umeninunia?" aliuliza.

Nilimtazama. Nilitaka kuona kama kuna chochote usoni pake kinachojua. Kulikuwa na upendo, huo niliuona, na kulikuwa na haraka, kama mtu anayetaka jambo lipite ili aendelee na mengine.

"Sufuria hili ni zito," nilimwambia. "Shika upande huo."

Akashika. Wanawake walikuwa wanatutazama, wote wanajua tulivyokuwa zamani, na mmoja akasema, "Oneni, mapacha wamerudiana." Tulilinyanyua sufuria pamoja, tukatembea kwa hatua zinazolingana bila kuhesabiana, kama tulivyokuwa tunabeba vitu siku zote, tukalitua kwenye kivuli. Aliweka mkono kiunoni, anahema, anatabasamu, anasubiri niseme kitu. Nikafunika wali, nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.